Tulivyokanyaga Uwanja Peku

Nilianza kupiga ngoma ndogo nikiwa darasa la tatu pale Kibiti, siku niliyofukuzwa kwenye kwaya ya shule. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza ubeti mmoja, akainua mkono, akasema sauti yangu inafaa kuitia kuku. Darasa zima lilicheka. Nilitoka nje nimeuma meno, nikazunguka nyuma ya stoo ya majembe, na huko nikamkuta mlinzi wa shule akifundisha bendi.

Mlinzi huyo alikuwa amepiga ngoma jeshini miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Shule ilimlipa kwa kulinda. Bendi aliifundisha bure, kwa kuwa hakujua kuishi bila bendi. Alikuwa mfupi, amenyooka kama mchi, na sauti yake haikupanda hata alipokasirika. Walimu walimwita Mzee. Siye watoto tulimwita Afande.

"Unataka nini?" aliniuliza.

"Shikamoo, Afande. Nataka kupiga."

"Marahaba. Wasichana wanapuliza filimbi."

"Filimbi sitaki."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa vijiti viwili na kipande cha tairi la lori. "Piga hapo. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mpaka nikwambie acha." Akaenda kuswali alasiri. Aliporudi alinikuta bado napiga, viganja vimeanza kuvimba. Kesho yake nilikwenda tena, na keshokutwa, na lile tairi nililipiga miezi minne kabla hajaniruhusu kugusa ngoma yenyewe.

Nataka nieleze bendi ilikuwa nini, maana wengi wakisikia bendi ya shule hufikiria watoto wanaopiga kelele mbele ya mgeni rasmi. Tulikuwa na ngoma ndogo nane, besi mbili, matoazi jozi moja na filimbi kumi na mbili. Tulitembea kwa mistari, tukageuka, tukapishana, mstari ukaingia ndani ya mstari bila mtu kumgusa mwenzake, na muda wote huo ngoma hazikatiki. Kila mwaka shule za wilaya zilikutana Utete kushindana, na majaji walizunguka katikati yetu na makaratasi wakitafuta kosa. Mguu mmoja ukichelewa, alama imekwenda.

Afande alikuwa na majina yake kwa kila kitu. Vijiti vikidunda upesi mpaka mlio unakuwa mmoja usio na mkato, hiyo aliiita mvua. Kulikuwa na manyunyu, ambayo ni mvua ya taratibu, na kulikuwa na masika. Masika tuliipiga mwisho wa onyesho: ngoma zote nane zinaanza na manyunyu, zinapanda, zinapanda, halafu zinakata kwa pamoja. Kimya kwa hatua nne. Kisha besi moja inafunga. Mwisho ule aliutunga mwenyewe, na hakuna shule nyingine iliyokuwa nao. Watu wa Utete walikuwa wakija uwanjani kwa ajili ya zile hatua nne za kimya. Mara tatu mfululizo Kibiti ilitoka kule na ushindi, na mara mbili kati ya hizo mie nilikuwemo.

Si wote waliofurahi. Jirani yetu mmoja alimwambia mama kuwa mtoto wa kike anayerusha magoti mbele za watu ataharibika. Mama alikuwa nesi, mwenyeji wa Songea, aliyeletwa pwani na serikali kabla sijazaliwa. Tuliishi wawili tu. Alimjibu yule jirani kuwa magoti ya mwanawe anayajua yeye. Ndiyo maana nilidhani mama yuko upande wangu siku zote, na barua ya uhamisho ilipofika niliiona kama usaliti.

Alihamishiwa Kiongoroni, kule mwisho wa delta, pale mto unapoingia baharini. Mie ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia darasa la sita.

"Niache kwa jirani," nilimwambia.

"Jirani yupi? Yule wa magoti?"

"Kwa yeyote, mama. Bendi itabaki na ngoma saba."

"Siwezi kumwacha mwanangu kwa watu kwa ajili ya ngoma."

Siku tatu sikumsemesha. Siku ya kuondoka nilikwenda shuleni kumuaga Afande, sikumkuta, na stoo ilikuwa wazi. Nikachukua jozi ya vijiti nilivyovizoea, nikaificha ndani ya kanga. Sitapamba maneno: niliviiba.

Tulipanda lori mpaka Nyamisati, kutoka hapo tukapanda boti ya mashine iliyokata mikondo katikati ya mikoko nusu ya siku nzima. Mama alikumbatia sanduku lake la dawa. Mie nilihesabu hatua kichwani, nne nne, ili nisitapike.

Kiongoroni watu walivua na kukata mikoko. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, na hata huko ruksa ilikuwa imefika kwa boti: wanunuzi wa kamba wa baharini walikuja na masanduku yao ya barafu, na nyuma yao wakaja wauza mitumba, redio na betri. Kilichokuwa hakijafika ni viatu vya shule, na sababu yake haikuwa umaskini peke yake. Maji yakijaa yanafika hadi milangoni, yakitoka yanaacha tope linalofika kwenye goti. Kiatu huko ni mzigo wa kubeba mkononi. Watoto walikuwa na nyayo ngumu zilizokanyaga mizizi ya mikoko kama unavyokanyaga mkeka. Mie niliyetoka Kibiti na raba zangu nilianguka mara mbili siku ya kwanza, na shule nzima ikaniona.

Shule haikuwa na bendi. Haikuwa hata na bendera ambayo haijachanika. Nilikaa dawati la nyuma, nikapiga vijiti vyangu juu ya mbao kila mwalimu alipotoka, nikiisikiliza Kibiti kichwani. Nilijua saa ile wanafanya mazoezi. Nilijua ni nani amechukua nafasi yangu, nikamwombea vidole vimvimbe.

Dawati hilo nilikaa na binti wa mkata mikoko, msichana mrefu mwenye mikono mipana, aliyetumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa kula. Wiki ya pili alinigeukia.

"Hicho unachopiga ni ngoma gani?"

"Bendi."

"Mbona haichezeki?"

"Haichezwi. Inatembewa."

"Lete nione." Alivichukua vijiti, akapiga nilichokuwa nimekipiga, chote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea, ila alikitia mwendo fulani wa kiunoni ambao Afande angeukemea. Kitu hicho kilikuwa kimenichukua miezi minne ya tairi.

Tangu siku hiyo nikaacha kuomboleza. Nilimwambia tutaunda bendi, akasema sawa, kana kwamba nimemwambia tukachote maji. Mjomba wake alikuwa fundi wa ngoma za harusi na za unyago. Tulimpelekea makopo makubwa ya rangi ya boti yaliyotupwa, akayatoboa, akayawamba ngozi ya kenge na kuyafunga kwa kamba za nyavu. Besi aliitengeneza kwa pipa la plastiki la bluu ambalo wanunuzi wa kamba walikuwa wameliacha baada ya kupasuka. Filimbi hatukuwa nazo, wala matoazi. Tulikuwa watoto kumi na wanne na ngoma tisa, na wasiokuwa na ngoma walibeba bendera za kanga.

Kupiga walijua. Watoto wale walizaliwa ndani ya ngoma. Shida ilikuwa kutembea, kwa sababu Kiongoroni hapakuwa na ardhi tambarare ya kutembea mstari ulionyooka. Sehemu pekee ilikuwa mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Basi ratiba yetu tukaifuata bahari: leo saa tisa, kesho karibu na saa kumi, na kuna siku za mapumziko tuliwahi alfajiri tukafanya kabla ya chai. Nikagundua kitu ambacho Kibiti hatukuwa nacho. Mchanga mbichi unashika nyayo. Tukimaliza mzunguko tunageuka nyuma, na kosa la kila mtu limeandikwa pale chini. Huna la kubisha. "Huu mguu wa nani uliopinda?" nauliza, na mwenye mguu anajijua. Kwa mwaka mzima bahari ilisahihisha kazi yetu kila siku, kisha ikafuta.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwembamba kutoka bara, mwaka wa tisa akiwa delta akisubiri uhamisho. Mwanzoni alituona kama wendawazimu. Kisha akaona kuwa watoto wa bendi hawatoroki shule siku za kuvua kamba, na akaanza kutusimamia. Mwaliko wa mashindano ulipofika aliujaza mwenyewe, akauleta darasani akatusomea. Wakati huo nilikuwa darasa la saba.

Safari ilichukua siku mbili: boti, lori, usiku mmoja Kibiti tukalala kwenye darasa la watu, kisha lori tena hadi kivukoni na ng'ambo Utete. Mimi niliyekuwa nikiingia Utete nikiimba, safari hii niliingia nikiwa nimebeba kopo la rangi kifuani, na niliona wanavyotutazama. Kibiti walikuwa wamefika. Walikuwa na sare mpya na ngoma mpya zenye ngozi za nailoni zilizonunuliwa dukani Dar es Salaam. Niliwapenda papo hapo, kama zamani. Nilijificha nyuma ya wenzangu ili Afande asinione.

Mkuu wa majaji, baba mmoja aliyevaa suti ya kaunda, alipita kukagua bendi moja moja. Alipofika kwetu aliangalia chini.

"Viatu viko wapi?"

"Hatuna, mheshimiwa," alisema mwalimu mkuu.

"Masharti ya mwaka huu yanasema bendi isiyo na viatu haikanyagi uwanja. Kuna wageni."

"Hiyo barua yenye masharti hatukuipata. Ilikuja ya mwaliko tu."

"Mwalimu, zamani tulikuwa tunaelewa. Siku hizi ni ruksa, viatu vimejaa madukani. Hakuna kisingizio."

Sijui nani alinituma. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwa nimewahi kumjibu mtu mzima mbele za watu. "Vimejaa madukani," nilisema, "havijajaa Kiongoroni."

Alinitazama mimi, akamtazama mwalimu mkuu. "Mfundishe mtoto wako adabu," akasema, na akaenda kwa shule iliyofuata, watoto wa kutoka Mbwara, waliokuwa na viatu vilivyowabana hadi walisimama kwa kisigino.

Tulikaa kivulini nyuma ya jukwaa asubuhi nzima tukisikiliza wengine. Watoto wawili walilia. Rafiki yangu wa mkono wa kushoto hakulia. Aliigeuza ngoma yake ili jua liipige ngozi ikaze, na kila baada ya muda aligonga kwa kidole kusikiliza.

"Unaikazia nini?" nilimuuliza. "Hatupigi."

"Nani kasema? Siye tumetoka kwetu siku mbili."

Saa sita na nusu shughuli zilisimama kwa chakula. Majaji na wageni waliingia kwenye jengo la jirani kula pilau. Uwanja ukabaki mtupu, chokaa inang'aa, watu wamekaa pembeni wakila mihogo na kunywa soda. Mwalimu mkuu alisimama, akakung'uta suruali yake, akatutazama wote kumi na wanne kwa zamu.

"Naenda msalani," alisema. "Nikirudi nisikute mmefanya jambo la kunitia aibu."

Alikwenda. Msalani kulikuwa karibu, lakini alishika njia ya kuelekea mtoni, polepole, mikono nyuma. Hata leo nikimkumbuka namkumbuka mgongo wake.

Tukaingia.

Sikutoa amri kwa sauti. Nilipiga mara nne kwenye ukingo wa kopo, tukaanza. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni kwamba hatusikiki miguuni. Bendi ya viatu inajisikia inavyokanyaga, na hata ukipotea unaushika mguu wa mwenzako. Siye hatukuwa na mlio huo, na filimbi za kufunika makosa hatukuwa nazo. Kulikuwa na ngozi za kenge peke yake, kavu, kali, zikilia kama mti mbichi unaopasuka, na pipa la bluu likijibu kwa chini. Tulikwenda mstari mmoja, tukagawanyika, tukapishana katikati. Majani ya uwanja yalikuwa laini chini ya nyayo zilizozoea mizizi, na watoto wa Kiongoroni, ambao hawakuwahi kuona uwanja wa majani maishani mwao, walitembea juu yake kama wamiliki.

Watu waliacha mihogo. Wakaanza kusogea kwenye chokaa. Nikaona kundi la sare mpya limesimama, wenzangu wa zamani, midomo wazi, kwa sababu walichokuwa wanakisikia ni chao. Hatua zilikuwa za Kibiti. Mvua ilikuwa ya Kibiti. Ila ule mwendo wa kiunoni ulikuwa umeingia ndani yake. Nilikuwa nimeukataza miezi mitatu mizima, kisha nikaacha kuukataza.

Mkuu wa majaji alitoka mbio mkono wa kulia bado una mafuta. "Tokeni," alisema. "Nasema tokeni uwanjani."

Hatukutoka. Alisimama mbele yangu, nikaongoza mstari ukampita kushoto na kulia kama maji yanavyoupita mti, bila mtu kumgusa. Alisema tena, na safari hii sauti yake ilimezwa. Tulikuwa tumeanza masika. Manyunyu kwanza, kisha juu, juu zaidi, rafiki yangu akipiga kwa ule mkono wake hadi nikadhani kopo litapasuka. Tukakata. Kimya. Hatua nne za miguu mitupu juu ya majani, na uwanja mzima hakuna aliyekohoa. Pipa likafunga.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimezaa, nimezika, nimefanya kazi ninazojivunia. Hatua nne zile sijazipata tena mahali popote.

Kelele zilipolipuka tulitoka kwa mstari, kwa adabu, kana kwamba tumeruhusiwa. Afande alikuwa akinisubiri penye kivuli chetu. Nilimwamkia, akaitikia. Hakutabasamu.

"Ule mwisho ni wa Kibiti," alisema.

"Na mie ni wa Kibiti, Afande."

"Leo wewe ni wa wapi?"

Alichukua ngoma yangu, akaigeuza, akaipapasa. "Ngozi ya nini hii?"

"Ya kenge."

Aligonga mara moja, akasikiliza hadi mlio ulipoisha. Akagonga tena. Kisha akanirudishia. "Na vijiti hivyo ni mali ya shule."

"Najua."

"Wa tatu kutoka kulia anawahi. Kila mkigeuka, anawahi." Akageuka kuondoka, akasita. "Mkono wako wa kushoto umepona uvivu," akasema, na akarudi kwa watu wake.

Jioni matokeo yalisomwa. Kibiti ikawa ya kwanza. Kiongoroni haikutajwa, hata mkiani. Jina la Kibiti liliposomwa mikono yangu ilipiga makofi yenyewe, nikaruka, nikapiga kelele kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mmoja wao. Nilipogeuka niliona uso wa rafiki yangu.

"Weye unashangilia nani?"

"Bendi yangu ya zamani."

"Waliotupita bila kushindana na siye?"

"Wao hawakutufukuza. Na wamepiga vizuri."

"Siye je?"

"Siye tumepiga vizuri zaidi."

"Basi ungetupigia siye makofi." Hakunisemesha tena. Kivukoni alikaa mbali. Kwenye lori alikaa mbali. Kwenye boti hakukuwa na mbali pa kukaa, tukakaa mgongo kwa mgongo nusu ya siku bila neno. Nilijua ana haki, na nilijua pia kuwa ningeirudia siku ile ningepiga makofi tena. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na sikuona sababu ya kuomba radhi kwa lolote.

Kiongoroni wazazi walitusubiri majini, maji yakiwafika magotini.

"Mmepata nafasi ya ngapi?" baba mmoja aliuliza.

Watoto wakanitazama mimi. Aliyejibu ni rafiki yangu. "Hatukupewa nafasi."

"Basi mlikwenda kufanya nini?"

"Tulikwenda kupiga," alisema, "na tukapiga." Akashuka kwenye boti akanishika mkono ili nisianguke kwenye tope, kwa sababu hadi siku ile bado nilikuwa naanguka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kusameheana.

Mama alikwishasikia kutoka kwa watu wa boti iliyotutangulia. Aliniwekea ugali na kamba wa nazi, akanitazama nikila.

"Ulinichukia kwa kukuleta huku," alisema.

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Bado kidogo."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la gauni lake la kazi.

Barua ilikuja mwezi uliofuata: shule yetu imefungiwa mashindano mwaka unaofuata kwa utovu wa nidhamu. Mwalimu mkuu aliandikiwa onyo. Aliyasoma yote mawili mbele ya bendi, akayakunja, akasema mazoezi ni maji yakitoka, kama kawaida. Uhamisho wake alioungojea ulikuja miaka miwili baadaye na akaukataa.

Bendi za wilaya hazikuishi muda mrefu baada ya hapo. Shule zilianza kudai mchango kwa kila kitu, na wazazi waliochangia chaki hawakuona sababu ya kuchangia ngoma. Lori la kwenda Utete likakosa dizeli mwaka mmoja, na mwaka wa pili hakuna aliyeuliza. Nilisikia ngoma za nailoni zikikodishwa kwenye kampeni na harusi. Afande alifariki nikiwa chuoni najifunza ushonaji. Sikuzika, habari ilinifikia imechelewa. Rafiki yangu aliolewa papo hapo Kiongoroni, na wanawe watano wote, nasikia, hupiga meza wakila, naye hawakatazi.

Mimi sikuacha. Nina cherehani zangu Ikwiriri, na kila ninaposikia kuna bendi za shule au za kanisa au za vijana zinashindana popote panapofikika kwa basi, nafunga duka. Marehemu mume wangu, mtu mpole, aliniambia siku moja, "Mke wangu, bendi ni mambo ya watoto." Nilimwambia mpira nao ni mambo ya watoto, na yeye Jumapili nzima yuko na redio sikioni. Hakurudia tena. Dada zangu wa kanisani wanadhani nina huzuni fulani iliyofichika. Sina. Kuna watu wanaopenda kitu kwa sababu walikosa kingine, na kuna sisi tunaokipenda kwa kuwa tunakijua.

Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kutazama mashindano kwenye uwanja mmoja wa Mbagala. Kijana wa mlangoni alinisimamisha.

"Shikamoo, mama. Una mtoto humu?"

"Marahaba. Sina."

"Mjukuu?"

"Sina mtu humu."

"Sasa umekuja kumwangalia nani?"

"Nimekuja kuangalia bendi."

Alikuna kichwa. "Basi mama, hivi viti vya mbele ni vya wazazi."

"Nitasimama."

Nilisimama kwenye kamba ya mbele kwa muda wa saa tatu na robo, juani, mkoba begani. Bendi zilipita saba. Ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote, na majaji waliipa nafasi ya tatu. Niliwangoja majaji washuke jukwaani, nikamwendea mmoja wao, nikamwamkia vizuri, nikamwambia wamekosea na nikamwonyesha ni wapi.